Uliza Pedali Kwanza: Kutafuta Ugonjwa wa Breki za Dramu kwenye Gari la Zamani

Kutoka Mau Summit kuja Salgaa barabara inateremka mbali sana, na hakuna mahali inapokuachia mguu upumzike. Hapo ndipo mwenye Land Rover Series, Beetle, Morris Minor au Peugeot 404 hujua breki zake zina hali gani. Ndani ya mji wa Nakuru, kwa mwendo wa pole na kusimama kila mara, breki mbovu inaweza kukuficha ugonjwa wake miezi mingi. Ni vivyo hivyo kwa mtu wa Kisumu anayezunguka Milimani na Kondele tu, halafu siku moja anapanda Kakamega na kurudi kwa mteremko wa Riat.

Mwongozo huu ni wa magari yenye dramu (ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu) magurudumu yote manne, ingawa mengi yaliyomo yatamfaa pia mwenye dramu za nyuma peke yake. Nimemwandikia mwenye gari anayetaka kuelewa kinachotendeka, na fundi kijana aliyejifunzia kazi kwenye breki za diski. Jambo ninalolishikilia ni moja: uliza pedali kabla ya kufungua gurudumu. Desturi ya gereji zetu ni mteja kusema breki hazishiki, fundi anafungua dramu, viatu (vyuma vilivyopinda vilivyo ndani yake) vinapelekwa kupigwa lainingi mpya, yaani ule utando wa msuguano unaofunika kiatu, vinarudishwa, pesa zinalipwa, na gari linaondoka na ugonjwa uleule. Viatu vilikuwa vizima. Kilichohitaji kutazamwa kilikuwa adjasta inayosogeza viatu karibu na dramu, au raba ya bei ndogo, au oili inayovuja kutoka mahali pengine kabisa.

Jinsi dramu inavyosimamisha gari

Ukikanyaga pedali, masta silinda inasukuma mafuta ya breki kwenye paipu. Mafuta hayakubali kubanwa yakapungua, kwa hiyo msukumo unafika mzima kwenye silinda ndogo iliyo nyuma ya kila gurudumu. Pistoni za silinda hiyo zinatanua viatu viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, lainingi inagusa ukuta wa ndani wa dramu, na msuguano unageuza mwendo wa gari kuwa joto. Ukiachilia, springi zinavirudisha viatu mahali pake.

Viatu hivyo viwili havifanyi kazi sawa. Kile ambacho pistoni inakisukuma kuelekea upande dramu inakozungukia hukokotwa na dramu yenyewe, kikajibana kwa nguvu kuliko ulivyokanyaga. Hicho ndicho kiatu kinachoongoza. Mwenzake husukumwa mbali na dramu, kwa hiyo mchango wake ni mdogo. Ndiyo maana gari zito lisilo na busta, kile kifaa cha kuongezea mguu nguvu, liliweza kusimama kwa nguvu za mguu tu, na ndiyo maana ukifungua dramu unaweza kukuta kiatu kimoja kimelika kuliko kingine bila kuwapo kasoro yoyote.

Kwenye magurudumu ya mbele ya Land Rover 109 (ile Series ndefu) na ya Morris Minor waliweka silinda mbili kwa kila gurudumu, ili viatu vyote viwili viwe vya kuongoza. Ukienda mbele, breki hizo zina nguvu kweli. Ukirudi nyuma, vyote viwili vinageuka kuwa vya kusukumwa. Kwa hiyo ukisimama kwenye mlima wa Nandi pua ikiangalia juu, na gari likaanza kuteleza kinyumenyume, utahitaji mguu mzito kuliko ulivyozoea. Hilo si hitilafu, ndivyo breki hizo zilivyoundwa, na dereva anapaswa kulijua kabla halijampata.

Jambo lingine la kujua ni joto. Dramu ikipata moto inapanuka kwenda nje, yaani inavikimbia viatu. Dramu ya chuma ya inchi 11, kama zile za 109, ikiongezeka joto kwa nyuzi 300 za Selsiasi inapanuka karibu milimita moja kwa kipenyo. Milimita hiyo inabidi mguu wako uifidie. Wakati huohuo lainingi iliyochemka inapunguza msuguano. Yote mawili yanakuja pamoja, katikati ya mteremko.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema dramu ni takataka ya kung'olewa na kuwekewa diski. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, kwenye barabara za vumbi na matope za huku kwetu, na 404 za miaka hiyo zilitoka kiwandani na dramu mbele na nyuma. Zikitunzwa, zinafanya kazi.

Pedali inaenda chini, ukipampu inapanda

Huu ndio ugonjwa ninaouona kuliko yote, na mara nyingi dawa yake haigharimu chochote zaidi ya muda. Lainingi imelika, nafasi kati yake na dramu imekuwa kubwa, na pistoni zina safari ndefu kabla ya kugusa. Mkanyago mmoja wa masta silinda hautoshi kujaza safari hiyo. Wa pili unaongeza mafuta kabla springi hazijavirudisha viatu, ndipo pedali inapanda.

Sikiliza namna inavyopanda. Ikipanda na kuwa ngumu kabisa chini ya mguu, tatizo ni nafasi ya viatu. Ikipanda lakini bado inabonyea, kuna hewa, nenda sehemu inayofuata. Kwenye Beetle, Morris au Peugeot, ambako handibreki inatanua viatu vya nyuma, kuna kipimo kizuri cha kufanya umesimama: vuta handibreki meno machache, kisha kanyaga. Pedali ikiwa juu zaidi kuliko kabla ya kuvuta, viatu vya nyuma ndivyo vinavyohitaji kusogezwa. Kwa Land Rover Series kipimo hiki hakifanyi kazi, na sababu yake iko chini kwenye sehemu ya handibreki.

Kurekebisha kunataka utaratibu. Weka mawe kwenye magurudumu yanayobaki chini, inua gurudumu kwa jeki, weka stendi, achilia handibreki. Beetle ina nyota mbili kwa kila gurudumu, zinazofikiwa kwa bisibisi kupitia tundu lililo kwenye dramu au kwenye bamba la nyuma, lile lisilozunguka linalobeba viatu, kutegemea mwaka wa gari. Land Rover ina bolti nyuma ya bamba inayozungusha kamu, kipande kinachosukuma kiatu kuelekea dramu. Kaza hadi gurudumu ligome. Sasa kanyaga pedali kwa nguvu ili viatu vijipange katikati ya dramu, kisha jaribu kukaza tena. Karibu kila mara utapata nafasi nyingine kidogo. Kaza, kanyaga, kaza, mpaka isiongezeke. Halafu legeza polepole hadi gurudumu lizunguke huru, ukisikia mkwaruzo mwepesi tu. Fundi anayeruka hatua ya kukanyaga anaacha viatu vimekaa upande mmoja, na pedali itashuka tena kabla mteja hajafika Njoro.

Kwenye 109, magurudumu ya mbele yana adjasta mbili kila moja. Nimeona magari ambayo moja inakazwa kila huduma na nyingine haijaguswa hadi imeshikana na kutu. Adjasta iliyoganda imwagie oili ya kulainisha kutu jana yake, usiipigie spana ndefu kwa hasira. Na ikiwa inazunguka kirahisi mno bila ukinzani, hiyo imekufa. Itajilegeza yenyewe kwenye barabara ya makorogesho, ile yenye mawimbi, na marekebisho yote yatapotea kwa safari moja.

Kuna hali ya pedali kuwa chini hata baada ya lainingi mpya. Hapo shuku umbo. Dramu iliyokerezwa imekuwa kubwa, lakini kiatu kimebaki na mpindo wa dramu ya zamani, kwa hiyo kinagusa katikati tu huku ncha zake zikielea. Chukua chaki, paka lainingi yote, rudisha dramu, izungushe huku mtu akikanyaga kidogo, kisha fungua. Mahali chaki ilipofutika ndipo breki yako ilipo. Ikiwa ni ukanda wa vidole viwili katikati ya kiatu, umelipia lainingi nzima na unatumia robo yake. Dawa ni lainingi nene zaidi iliyosagwa kufuata dramu hiyo.

Chunguza pia kazi ya kupiga lainingi yenyewe kabla ya kuipokea, iwe umeipeleka kwa jua kali wa Kibuye au wa Nakuru. Riveti zinapigwa kuanzia katikati ya kiatu kwenda pembeni, ili lainingi ilale juu ya chuma. Zikianzia kwenye ncha, lainingi inabaki imevimba katikati. Inua kiatu ukielekeze kwenye jua. Ukiona mwanga ukipenya kati ya lainingi na chuma, mrudishie kwa heshima, apige upya. Lainingi ya namna hiyo inabonyea kila ukikanyaga, na siku moja itapasuka.

Mwisho kwenye ugonjwa huu: masta silinda ya dramu ina vali ndogo inayobakisha mgandamizo kidogo ndani ya paipu hata mguu ukiwa nje, ili midomo ya raba isijikunje na kuvuta hewa. Ukikarabati ukaisahau vali hiyo, au ukifunga masta ya gari la diski kwa sababu matundu ya bolti yamelingana, utapampu kila siku na hutajua kwa nini.

Pedali inabonyea

Pedali inayobonyea ina hewa ndani yake. Hewa hubanwa, mafuta hayabanwi. Lakini jiulize iliingilia wapi, kwa sababu paipu zilizofungwa vizuri hazipati hewa zenyewe. Kama gari halikufunguliwa karibuni, tafuta raba ya wili silinda (silinda ndogo ya gurudumu) iliyochoka au kikombe cha mafuta cha masta silinda kilichoachwa kikaisha. Hosi za mpira za zamani nazo huvimba ukikanyaga, ukadhani ni hewa. Mwambie mtu akanyage huku wewe umeshika hosi kwa mkono, utaihisi ikijaa.

Kutoa hewa kunaanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari yetu yenye usukani kulia, hiyo ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na mwisho mbele kulia. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua nipo (kijiskurubu cha kutolea hewa nyuma ya gurudumu), anafunga, ndipo wa kwanza anaachilia. Mpira wa nipo uzamishwe kwenye chupa yenye mafuta safi. Angalia kikombe mara kwa mara, maana kikiisha umeanza upya.

Kwa 109 kazi hii inachosha watu, wanatoa hewa nusu siku na pedali bado ni sifongo. Kaza adjasta zote hadi magurudumu yagome kabla ya kuanza. Pistoni zikikosa pa kwenda, silinda zinabaki na nafasi ndogo ya kuficha povu. Ukimaliza, rekebisha upya kama kawaida.

Mafuta ya breki yenyewe yanastahili kutazamwa. DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, DOT 4 mpya nyuzi 230. Yakishavuta unyevu wa hewani, kipimo cha DOT 3 kinashuka hadi nyuzi 140 na cha DOT 4 hadi 155. Mafuta haya hunywa maji kutoka hewani hata ndani ya gari lililoegeshwa, na kwenye hewa nzito ya ziwani Kisumu sipendi kuyaacha zaidi ya miaka miwili. Unyevu huohuo ndio unaotoboa vishimo ndani ya silinda. Rangi ikiwa imekuwa ya chai ya rangi, usisubiri tarehe.

Na tafadhali, usijazie oili ya injini, wala ya gia, wala usioshe raba kwa petroli au mafuta ya taa. Raba za breki zinavimba zikiguswa na mafuta ya madini. Zikishavimba, pistoni hazirudi, na dawa pekee ni kubadilisha kila raba ya mfumo mzima, hosi zikiwemo, na kusafisha paipu kwa spiriti. Mtu akikuletea gari la namna hii, fungua kifuniko cha kikombe kwanza. Raba yake ikiwa imenenepa na kulegea, tayari unajua habari yote.

Pedali inazama polepole

Injini ikiwa imezimwa, kanyaga na ushikilie kwa nguvu ileile dakika nzima. Ikizama kidogo kidogo kuelekea sakafu, mafuta yanatoroka. Zunguka gari: tazama upande wa ndani wa kila tairi, chini ya kila bamba, na mahali fimbo ya pedali inapoingia kwenye masta. Morris Minor ina masta silinda ndani ya chesi, chini ya sakafu ya dereva, na inajazwa kupitia tundu lililofunikwa na zulia. Wengi hawajawahi kulifungua tundu hilo.

Usipopata tone lolote nje, raba za ndani ya masta zinapitisha mafuta kurudi kwenye kikombe. Fungua, telezesha ukucha ndani ya silinda. Ukucha ukikwama kwenye shimo au mkwaruzo, raba mpya hazitakusaidia, silinda ibadilishwe au itiwe bomba jipya ndani.

Mengi ya magari haya yana mzunguko mmoja wa mafuta. Tone kwenye gurudumu moja linaweza kukunyang'anya breki za magurudumu yote manne kwa mkupuo. Gari la namna hiyo haliendeshwi hata hadi gereji ya karibu. Fundi aje lilipo.

Pedali ngumu, gari halisimami

Hapa majimaji yako sawa, kilichokosekana ni msuguano. Ikiwa ulikuwa ukiteremka kwa muda na kuna harufu ya kuungua, umezidisha joto. Teremka kwa gia, ya tatu au ya pili mapema, kanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, achilia zipoe, kanyaga tena. Kuegemeza mguu kidogo kidogo njia nzima kunapika lainingi. Kutoa gia ili kuokoa mafuta kwenye mteremko wa Salgaa kumeua watu wengi, na gari la dramu ndilo la mwisho kulifanyia hivyo.

Tofautisha hali hii na mafuta yaliyochemka. Lainingi iliyochoka kwa joto inakupa pedali ngumu isiyo na kazi. Mafuta yaliyochemka yanafanya mvuke, na pedali inaanguka hadi sakafuni ikiwa laini, kisha baada ya kupoa inarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Dereva akikueleza kwamba ilirudi yenyewe, usimwambie ni bahati. Badilisha mafuta siku hiyohiyo.

Ikiwa ni baada ya mafuriko kule Ahero, au kuvuka mto, dramu zina maji. Endesha polepole huku ukikanyaga kidogo hadi uhisi zimeshika. Kama maji yalikuwa ya matope, hiyo haitoshi, kwa sababu dramu iliyoingiza mchanga inautunza na kusaga lainingi na chuma pamoja. Fungua uoshe.

Ikiwa pedali ni ngumu kila siku, kwa baridi na kwa joto, fungua. Lainingi inayong'aa kama kioo ipigwe msasa mkavu hadi mng'ao uondoke. Iliyonyonya oili itupwe. Watu huichoma kwa moto ili oili itoke, na kwa siku mbili inaonekana imepona, kisha joto la breki linaitoa oili ya ndani kabisa.

Onyo moja kwa kazi yote ya kufungua: lainingi za zamani zilikuwa na asbesto, na hujui iliyomo ndani ya dramu uliyopewa ni ya lini. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na madhara hujitokeza miaka mingi baadaye. Usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Lilowanishe kwa maji yenye sabuni, lipanguse kwa kitambaa, kitambaa ukifunge kwenye mfuko. Nawaomba hasa vijana wanaofanya kazi hii kila siku.

Gari linavuta upande

Gari huvuta kuelekea upande unaoshika zaidi, kwa hiyo ugonjwa unaweza kuwa upande wa pili. Likivuta kushoto, tazama kwanza kulia kama kuna silinda iliyoganda, hosi iliyoziba au viatu vilivyolegea. Njia rahisi ni joto. Baada ya safari fupi isiyo na mteremko, nyunyizia tone la maji kila dramu. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94, kwa hiyo tone likichemka papo hapo dramu hiyo ni ya moto sana. Ambayo haijapata joto hata kidogo haifanyi kazi.

Mzee mmoja wa upande wa Njoro alileta 109 yake ya kubebea maziwa. "Fundi, viatu nimebadilisha tena na tena, na bado inanivuta."

"Mzee, ngoja kwanza tutafute kinachoviua."

Tulipotoa dramu ya nyuma kulia, nusu ya chini ya lainingi ilikuwa nyeusi na ya kung'aa, nusu ya juu ya kijivu kikavu. Sehemu ya chini ya bamba ilikuwa na tope zito. Hapo swali ni moja: mafuta gani haya? Mafuta ya breki ukiyamwagia maji yanachanganyika na kuondoka. Oili ya difu, yaani ya gia zilizo katikati ya ekseli, inaelea juu ya maji, na ukiisugua kati ya vidole ina ile harufu kali ya kiberiti. Hii ilielea, na ilinuka. Kwa hiyo wili silinda haikuwa na kosa, oili ilipita kwenye sili ya habu, ile raba inayozuia oili isifike kwenye gurudumu. Na sili ilikuwa mpya. Tukapanda juu ya ekseli, kwenye kipumulio cha difu, kijidude kidogo kilichofunikwa na tope lililokauka kama matofali. Difu ikipata joto hewa ya ndani inapanuka, ikikosa pa kutokea inaisukuma oili kupita sili, iwe mpya au kuukuu. Kipumulio kikasafishwa, sili na viatu vikabadilishwa pande zote mbili, na kuvuta kukaisha.

Pande zote mbili, nasisitiza. Lainingi ya kushoto na ya kulia ya ekseli moja lazima ziwe za aina moja na zifungwe siku moja. Kipande kilichokatwa kutoka lainingi ya lori upande mmoja na kile cha dukani upande wa pili havitashika sawa kamwe, hata ukirekebisha hadi jioni.

Breki zinashikilia baada ya kuachilia

Inua gurudumu linalogoma kuzunguka na ufungue nipo yake kidogo. Lisipolegea, tatizo ni la chuma: springi iliyochoka, pistoni iliyoganda, kebo ya handibreki yenye kutu, au viatu vilivyokazwa kupita kiasi. Likilegea, kuna msukumo uliofungiwa ndani. Funga nipo, kanyaga tena ligome, kisha legeza paipu pale inapotoka kwenye masta silinda. Gurudumu likilegea sasa, masta ndiyo inayokataa kuachilia. Likibaki limegoma, hosi ya mpira imevimba kwa ndani, inaruhusu mafuta kwenda na kuyakatalia kurudi. Kwa nje hosi hiyo inaweza kuonekana mpya kabisa.

Magurudumu yote yakigoma pamoja, hasa gari likishapata joto, angalia uchezaji wa pedali. Ndani ya masta kuna tundu dogo sana linalorudisha mafuta kwenye kikombe. Fimbo ya pedali ikiwa ndefu mno, pistoni hairudi hadi mwisho na tundu linabaki limezibwa. Mafuta yanapanuka kwa joto, yanakosa njia, yanatanua viatu, joto linazidi. Kwenye Beetle kati ya fimbo na pistoni kunatakiwa nafasi ya kama milimita moja. Nafasi ikiwa sawa na bado zinagoma, tundu lenyewe lina uchafu.

Kelele na mtetemeko

Breki kunguruma au kushika kwa ghafla asubuhi ya kwanza baada ya mvua za usiku Kericho au Kakamega ni kutu nyembamba ya dramu. Inaisha ukikanyaga mara chache. Mlio mkali usioisha ni vumbi, springi za kushikilia viatu zilizopotea, au sehemu kavu ambapo kiatu kinasugua bamba. Pakaza hapo grisi ya kuvumilia joto, kiasi cha kung'arisha tu, na isikaribie lainingi.

Pedali inayopigapiga mguu ni dramu iliyopoteza mviringo. Husababishwa na nati za gurudumu zilizokazwa bila mpangilio, au handibreki kuvutwa wakati dramu bado ni moto. Kukereza kunasaidia, lakini kuna kikomo, ambacho kwa dramu nyingi ni kama milimita 1.5 juu ya kipenyo cha awali. Ikiwa kipimo cha juu kimegongwa kwenye dramu, fuata hicho. Beetle inayogonga "ko" nyuma ukikanyaga na ukirudi nyuma, tazama nati kubwa ya milimita 36 inayoshikilia dramu kabla ya kitu kingine. Inakazwa kwa takriban Nm 300, na ikilegea inakula meno ya dramu.

Handibreki

Handibreki ya Land Rover Series haigusi viatu vya magurudumu. Ina dramu yake nyuma ya sanduku la pili la gia (transfer box), inashika propela, yaani shafti inayokwenda ekseli ya nyuma. Ikishindwa kushika, mara nyingi oili ya gia imepita sili na kulowesha viatu vyake. Gari kuyumba kidogo likiwa limeegeshwa ni kawaida, ni uchezaji wa difu na propela. La hatari ni hili: ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaliachia lizunguke, na handibreki haishiki tena kitu. Gari linaweza kukushukia. Mawe kwenye magurudumu kabla ya jeki, hata pahali tambarare.

Kwa Beetle na Morris, rekebisha viatu kwanza, kebo baadaye. Kukaza kebo ili kuficha viatu vilivyolegea kunavizuia kurudi, na unaanza ugonjwa wa kushikilia.

Kazi ikiisha, kanyaga pedali gari likiwa limesimama hadi iwe ngumu, kisha jaribu kwa kilomita 20 kwa saa mahali pasipo watu, halafu 40. Usianze na mteremko. Lainingi mpya zinahitaji kilomita 300 hivi za kukanyagwa kwa upole hadi zikae sawasawa kwenye ukuta wa dramu, na katika muda huo pedali itashuka kidogo. Rudisha gari lirekebishwe tena, mkague mabamba yote manne kwa unyevu, na nati za magurudumu zikazwe upya.